Mbwa Safarini: Kutoka Chanzuru Hadi Mikumi

Katika vijiji vya Chanzuru, wilayani Kilosa, mbwa ni mlinzi kwanza. Usiku hulinda zizi la mbuzi, mchana huwafukuza nyani na ngedere katika mashamba ya mahindi, na mgeni aingiapo uani yeye ndiye wa kwanza kutoa taarifa. Kwa kazi hizo mbwa hana haja ya kwenda mbali na kwao. Lakini watu husafiri na kuhama, na mara nyingi mbwa huenda pamoja nao. Mwalimu hupata uhamisho. Mfugaji hufuata malisho. Mkulima hupewa mtoto wa mbwa na shemeji yake aishiye Mikumi. Na jamaa wa mjini huja kumaliza likizo kwa babu, mbwa wao akiwa nyuma ya gari.

Safari ya mbwa huonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, ndani yake yamo maswali mengi ya sayansi. Mbwa hupozaje mwili wake ndani ya gari lenye joto? Gari likifunga breki ghafla, yeye hupatwa na nini? Kwa nini haruhusiwi kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi? Na swali lililo kubwa kuliko yote: mbwa anaposafiri, ni kitu gani kingine kinachosafiri pamoja naye? Jibu la swali hili la mwisho ndilo linaloweza kuokoa, au kupoteza, maisha ya mtoto katika kijiji ambacho mbwa huyo hajawahi kukiona.

Mwendo wa ugonjwa na mwendo wa gari

Virusi vya kichaa cha mbwa hupatikana katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo anapouma, mate huingia katika jeraha, na virusi hupenya katika mishipa ya fahamu. Kisha hupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Vikishafika ubongoni huzaana na kushuka tena hadi kwenye tezi za mate, na hapo ndipo mnyama aliyeumwa anapoweza naye kuambukiza wengine. Muda wote wa kupanda huko, unaoitwa kipindi cha kuatamia, mbwa hula, hucheza na hubweka kama mbwa mwingine yeyote. Hakuna awezaye kumtazama na kusema kuwa ni mgonjwa.

Utafiti uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulifuatilia mamia ya wanyama walioambukizana ugonjwa huu. Ilionekana kwamba kipindi cha kuatamia kwa mbwa kilikuwa wastani wa siku 22 hivi, ingawa kwa baadhi yao kilichukua miezi kadhaa. Mbwa akishaanza kuugua, aliweza kuambukiza kwa siku tatu hivi kabla ya kufa au kuuawa. Na aliowauma, kwa kawaida, walikuwa karibu: wastani wa umbali kati ya mbwa mgonjwa na yule aliyeambukizwa naye ulikuwa chini ya kilomita moja.

Takwimu hizo zinaruhusu hesabu rahisi ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuifanya. Kutoka Chanzuru kupitia Kilosa mjini na Ulaya hadi Mikumi ni kilomita zaidi ya 80. Ikichukuliwa kwamba ugonjwa husonga mbele kilomita moja katika kila siku 25, na kwamba unaelekea upande mmoja tu, utahitaji siku 2,000, yaani zaidi ya miaka mitano, ili kufika Mikumi. Gari lililombeba mbwa aliyeumwa juma lililopita huumaliza umbali huohuo kwa saa chache. Kwa maneno mengine, ugonjwa unaotembea kwa miguu huenda polepole na huweza kuzuiwa njiani. Ugonjwa unaopakiwa garini huruka juu ya vizuizi vyote.

Jambo hili si la nadharia tu. Katika kisiwa cha Pemba, kazi ya kuchanja mbwa wa kisiwa kizima iliyoanza baada ya mwaka 2010 ilifanikiwa kuukomesha ugonjwa, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ya maambukizo ilikuwa imekatika. Baadaye chanjo zilizembewa. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena. Wataalamu waliposoma vinasaba vya virusi waligundua kwamba uliingizwa kutoka nje ya kisiwa mara mbili. Virusi haviogelei, bahari huvushwa na chombo. Ilibidi mbwa wa kisiwa kizima wachanjwe upya, na ugonjwa ukakomeshwa kwa mara ya pili mnamo Oktoba 2018. Kazi ya miaka ilivunjwa na wanyama wachache tu walioletwa kutoka nje.

Uzito wa jambo lenyewe waonekana katika idadi ya vifo. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa watu wapatao 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Kwa Tanzania, makisio ya mwaka 2002 yalikuwa watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Watoto ndio huumwa zaidi, kwa kuwa ndio wachezao na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mgonjwa, hakuna dawa ya kutegemewa.

Chanjo hutangulia safari

Kinga ya kwanza ya safari, basi, haipatikani siku ya kuondoka. Mbwa anapochanjwa, mwili wake haupati kinga papo hapo. Seli za damu huhitaji muda wa kuitambua chanjo na kutengeneza protini za kinga kwa wingi wa kutosha. Ndiyo sababu nchi nyingi, zikiwamo nchi za Umoja wa Ulaya, huhesabu chanjo ya kwanza kuwa halali baada ya kupita angalau siku 21. Mbwa aliyechanjwa asubuhi na kupakiwa garini jioni ana cheti, lakini bado hana kinga.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa kadiri ya maelekezo ya daktari wa mifugo, mara nyingi kila mwaka. Mwenye mtoto wa mbwa aliye mdogo kuliko hapo hana budi kuuliza kwanza, kwa kuwa katika kampeni za kuchanja kijiji kizima hata watoto wadogo huchanjwa, ila huhitaji kurudiwa baadaye. Wa kuulizwa kijijini ni afisa mifugo wa kata. Huyo ndiye pia wa kueleza kama kibali cha kumsafirisha mnyama kinahitajika, kwani Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inatoa uwezo wa kudhibiti uhamishaji wa wanyama ili kuzuia magonjwa.

Wapo wanaosema kuwa mbwa mmoja asiyechanjwa hawezi kuleta tofauti. Hesabu inasema vinginevyo. Katika utafiti wa Serengeti, kila mbwa mgonjwa aliambukiza, kwa wastani, wengine zaidi kidogo ya mmoja na pungufu ya wawili. Kama kila mgonjwa angeambukiza wawili, ingetosha nusu ya mbwa wote wawe na kinga ili mnyororo ukatike, maana kati ya hao wawili mmoja angeokolewa na chanjo. Kwa nini, basi, Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja mbwa 70 katika kila 100? Sababu ni kwamba mbwa hufa na wengine huzaliwa. Ikichukuliwa kwamba katika kijiji chenye mbwa 100 wamechanjwa 70, na kwamba katika mwaka mmoja mbwa 30 katika kila 100 hufa na nafasi zao kuchukuliwa na wengine wasiochanjwa, mwisho wa mwaka watabaki 49 tu wenye kinga. Kijiji kimeshuka chini ya nusu bila mtu yeyote kukosea. Mbwa mgeni asiyechanjwa hupunguza kiwango hicho zaidi. Mgeni aliyechanjwa hukiongeza.

Njia nyingine ya kujikinga ilikuwa ni kumtenga mbwa mgeni mpaka kipindi cha kuatamia kipite. Uingereza, ambayo ni kisiwa, ilitumia njia hiyo kwa miaka mingi: mbwa waliotoka nje walifungiwa miezi sita. Kuanzia mwaka 2000 utaratibu huo ulilegezwa kwa wanyama kutoka baadhi ya nchi wenye chanjo, vipimo vya damu na alama ya utambulisho. Mabadiliko hayo yaliwezekana kwa sababu chanjo inayothibitishwa hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kifungo.

Joto ndani ya gari

Adui wa pili wa mbwa safarini haonekani wala haumi. Ni joto. Mwili wa mbwa mwenye afya huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 za Sentigredi. Likipita nyuzi 41, hatari huanza, na viungo vya ndani huweza kuharibika katika muda mfupi.

Binadamu hujipoza kwa jasho la mwili mzima. Mbwa hutoa jasho kidogo sana, hasa katika nyayo, hivyo hutegemea kuhema. Anapotoa ulimi na kuhema upesiupesi, hewa hupita juu ya ulimi na njia za pumzi zilizolowa, na maji hugeuka kuwa mvuke. Ili gramu moja ya maji igeuke kuwa mvuke huhitaji nishati ya jouli 2,400 hivi, ambayo huchukuliwa kutoka katika mwili. Kwa mbwa mwenye uzito wa kilogramu 15, kupunguza joto la mwili kwa nyuzi moja ni sawa na kuondoa jouli zipatazo 52,500. Maana yake ni kwamba hana budi kugeuza gramu 22 hivi za maji kuwa mvuke. Maji hayo yasiporudishwa kwa kunywa, mwili hukauka, na kazi yenyewe ya kupoza hukoma.

Hata maji yakiwapo, kuhema hakutoshi ndani ya gari lililofungwa. Mwanga wa jua hupita katika vioo na kupasha moto viti na dashibodi. Hewa iliyopata joto haina pa kutokea. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba joto ndani ya gari lililosimama juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo, kiasi cha asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Siku ambayo kivulini ni nyuzi 30, hali ambayo si ngeni katika tambarare za Kilosa, ndani ya gari huweza kufikia nyuzi 48 kabla dereva hajamaliza chakula chake hotelini. Isitoshe, hewa ndani humo hujaa mvuke wa pumzi za mbwa mwenyewe. Hewa iliyojaa mvuke haipokei mvuke zaidi. Mbwa huhema, lakini hapoi.

Kwa hiyo msafiri mwenye busara huondoka alfajiri, husimama kivulini, humpa mbwa maji kidogokidogo katika kila kituo, na hamwachi garini peke yake hata kwa dakika chache. Mbwa akionekana kuhema kwa nguvu mno, kutoa udenda mwingi, kuyumba au kulegea, huondolewa juani upesi, humwagiwa maji ya kawaida, hupepewa, kisha hupelekwa kwa daktari wa mifugo. Maji hupoza kwa njia ileile ya mvuke, na upepo huuondoa mvuke ili mwingine upate nafasi.

Tahadhari nyingine ni ya tumbo. Mbwa wengi hutapika garini, kwa sababu masikio ya ndani huuhisi mwendo ambao macho hayauoni. Asipolishwa chakula kizito kwa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, shida hiyo hupungua. Wakati wa masika barabara na madaraja huweza kuharibiwa na mafuriko ya mto Mkondoa na vijito vyake, hivyo ni vema kubeba maji na chakula cha akiba kuliko kinachohitajiwa na urefu wa njia.

Mbwa asiyefungwa ni mzigo unaoruka

Gari linapokwenda kilomita 60 kwa saa, kila kilichomo ndani huenda kwa mwendo huohuo. Gari likisimama ghafla, kilichofungwa husimama nalo, na kisichofungwa huendelea mbele, kama inavyoelezwa na kanuni ya kwanza ya Newton. Mbwa wa kilogramu 15 katika mwendo huo ana nishati ya mwendo ya jouli zipatazo 2,080. Ni nishati ileile ambayo angekuwa nayo kama angeanguka kutoka urefu wa mita 14, kiasi cha jengo la ghorofa nne. Atakayegongwa ni mtu aliyekaa mbele yake.

Njia salama ni kumweka mbwa katika kizimba au tenga imara lenye matundu ya kupitisha hewa, na tenga hilo lenyewe likafungwa lisiteleze. Liwe na nafasi ya mbwa kusimama na kugeuka, lakini lisiwe kubwa hata akarushwa ndani yake. Mahali pasipo na tenga, ukanda wa kifuani uliofungwa kwenye kiti ni bora kuliko kamba ya shingoni, maana breki zikifungwa kamba ya shingoni huwa kitanzi. Katika pikapu iliyo wazi hatari ni mbili: mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu huweza kuruka akaning'inia nje, na asiyefungwa huruka akapotea au kugongwa. Kumfunga miguu na kumlaza juu ya carrier ya pikipiki kwa safari ya saa nyingi ni mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilitungwa ili kuzuia ukatili wa namna hiyo.

Mwenye kusafiri kwa basi au kwa treni hana budi kuuliza kabla ya kukata tiketi. Mabasi mengi hayapokei mbwa miongoni mwa abiria, na mbwa aliyetiwa katika sanduku la mizigo lisilo na hewa huenda asifike akiwa hai.

Kwa nini hifadhi humkataa mbwa

Anayetoka Chanzuru kwenda mji mdogo wa Mikumi hushika barabara iliyo upande wa magharibi wa hifadhi. Lakini anayetoka Mikumi kuelekea Morogoro huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50 katika barabara kuu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Mbwa hawaruhusiwi kuingizwa katika hifadhi za taifa kwa matembezi. Wageni wengine hudhani kuwa sababu ni kumlinda mbwa asiliwe na chui. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini iliyo kubwa zaidi ni kuwalinda wanyama wa porini dhidi ya mbwa.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa kifafa na kufa. Theluthi moja hivi ya simba wote wa huko, wapatao 1,000, waliangamia. Ugonjwa ulikuwa distempa, unaosababishwa na virusi vilivyo jamaa ya vile vya surua, na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi walihesabiwa kuwa chanzo chake. Kabla ya hapo, kati ya miaka 1989 na 1991, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa katika nyanda za Serengeti na Maasai Mara yalitoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwa baadhi yao.

Mbwa mwitu ni wanyama wa jamii. Huwinda pamoja, hulambana, na hulisha watoto na wagonjwa kwa nyama waliyoicheua. Tabia hiyo inayowapa nguvu ndiyo inayowaangamiza mgonjwa mmoja anapoingia katika kundi. Mikumi imeungana na maeneo ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika lililokuwa Pori la Akiba la Selous, na nchi hiyo yote ni mojawapo ya makazi makubwa ya mwisho ya mbwa mwitu barani Afrika. Ndiyo maana msafiri apitaye barabara kuu na mbwa wake humweka ndani ya gari kutoka mpaka hadi mpaka, wala hamshushi kando ya njia kujisaidia. Kinyesi na mate yanayoachwa hapo huweza kunuswa usiku na mnyama asiye na chanjo wala daktari.

Pori nalo lina cha kumpa mbwa. Ndorobo, au mbung'o, hufuata vitu vikubwa vinavyokwenda, hasa vya rangi ya bluu na nyeusi, na huingia garini vioo vikiwa wazi. Baadhi yao hubeba vijidudu vya nagana, ugonjwa unaomdhuru mbwa vibaya. Majuma machache baada ya safari, homa, kukonda, ufizi kuwa mweupe na hasa macho kuingia ukungu ni dalili za kumpeleka mbwa kwa daktari bila kuchelewa. Kupe nao hutafutwa kila jioni ndani ya masikio, shingoni na katikati ya vidole vya miguu.

Kumtafutia mbwa mahali pa kufikia

Mahali panapomfaa mbwa wa likizo hapajulikani kwa uzuri wa mandhari, bali kwa majibu ya maswali machache yanayoulizwa kabla ya kuondoka. Je, mwenyeji anapenda mbwa afike? Pana uzio au chumba cha kumfungia usiku, wakati fisi na chui hutembea? Pana kivuli na maji? Pana mbwa wengine, nao wamechanjwa? Ofisi ya mifugo iko wapi? Nyumba ya wageni kando ya barabara kuu huenda ikakubali mbwa au ikakataa. Ni afadhali kukataliwa kwa simu kuliko mlangoni saa mbili za usiku.

Desturi za mwenyeji nazo zizingatiwe. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa nchi hizi, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa kwa utaratibu maalumu. Mgeni mwenye adabu huja na sufuria na mkeka wa mbwa wake mwenyewe, humweka mbali na mahali pa kuswalia na pa kupikia, na hamwachi alambe watoto. Hata mahali pasipo na desturi hiyo, mbwa katika kijiji kigeni hufungwa kamba siku za mwanzo. Hajui mipaka, hajui kuku wa nani ni wa nani, na mbwa wenyeji humpokea kwa meno.

Mtu akiumwa

Jeraha huoshwa papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Virusi vya kichaa cha mbwa vimefunikwa na utando wenye mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Baada ya hapo mtu hupelekwa hospitali siku ileile ili aanze chanjo, na kuzimaliza sindano zote kwa tarehe alizopewa. Kipindi kirefu cha kuatamia, ambacho ni hatari kwa kuwa huficha ugonjwa, hapa huwa msaada: chanjo huwahi kabla virusi havijafika ubongoni. Louis Pasteur aliitumia nafasi hiyo nchini Ufaransa tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa. Mtoto huyo alipona.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kukamatwa bila hatari, hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya usimamizi wa afisa mifugo. Virusi huingia katika mate siku chache tu kabla ya dalili kuonekana. Mbwa aliye mzima baada ya siku hizo hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Lakini aliyeumwa hasubiri siku 10 zipite ndipo aanze chanjo.

Jaribio la darasani

Shule yenye vipimajoto vitatu huweza kuonyesha yaliyoelezwa kuhusu joto bila kumtumia mnyama yeyote. Chupa mbili za kioo zinazofanana huwekwa juani, kila moja ikiwa na kipimajoto. Moja hufunikwa kwa kifuniko na nyingine huachwa wazi. Joto husomwa kila baada ya dakika tano kwa nusu saa, na wanafunzi huchora grafu. Wataona mstari wa chupa iliyofunikwa ukipanda kwa kasi mwanzoni kisha ukilala.

Katika sehemu ya pili, kipimajoto cha tatu hufungwa kitambaa kilicholowa maji na kupepewa kivulini. Joto lake hushuka. Kisha huingizwa katika chupa yenye maji kidogo, mdomo ukafunikwa, na kuachwa humohumo kivulini. Baada ya muda kushuka huko hupungua, ingawa kitambaa bado kimelowa. Wanafunzi waeleze sababu, na waseme jambo hilo linamhusu vipi mbwa anayehema katika gari lililofungwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni anayefika na mbwa aliyechanjwa mwezi mmoja kabla, akiwa na cheti chake, kamba yake na chombo chake cha maji, huutimiza usemi huo: kijiji alichofikia huwa na mbwa mmoja zaidi mwenye kinga. Anayefika na mbwa asiyechanjwa huleta jambo ambalo huenda lisijulikane mpaka yeye mwenyewe awe amekwisha kurudi kwao.